Presha haibishi hodi: Funzo la utafiti wa moyo kwa wakazi wa Pipeline

KATIKA mtaa wa Pipeline, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, neno 'presha' lina maana mbili. Kwanza ni shida za maisha: kodi ya nyumba inayodaiwa kila mwanzo wa mwezi, karo ya watoto, nauli, na jamaa wa mashambani wanaotarajia kutumiwa chochote. Pili ni ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao madaktari wa moyo husema huua kimyakimya.

Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, aliyefanya utafiti miongoni mwa wanaume waliohamia mtaani humo kutoka magharibi mwa Kenya, aliitaja presha hiyo ya kwanza katika jina la kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 2024. Ile ya pili nayo ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa papa hapa Kenya.

Utafiti wa madaktari wa moyo na mishipa ya damu umeonyesha kuwa maradhi haya si ya wazee peke yao, wala si ya matajiri. Mara nyingi huanza pale mtu anapoacha maisha ya kijijini na kuanza ya mjini, miaka mingi kabla hajahisi maumivu yoyote. Ndiyo maana Pipeline, mtaa uliojaa watu waliotoka mashambani kutafuta riziki, ni mahali panapostahili kusikia yale ambayo watafiti hao waligundua.

Enzi ambapo presha ilikuwa adimu

Mwaka wa 1929, daktari Mwingereza C.P. Donnison, aliyehudumu katika hospitali moja ya Kavirondo Kusini, upande wa Nyanza, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika jarida la tiba la Lancet. Alikuwa amewapima presha Waafrika wapatao 1,000.

Aligundua kwamba, kinyume na hali ilivyokuwa kwao Uingereza, presha ya wenyeji haikupanda kadiri walivyozeeka. Baada ya umri wa miaka 40 ilielekea kushuka. Aidha, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini humo, hakupata hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu.

Matokeo hayo yalizua swali kubwa. Je, Mwafrika alizaliwa na kinga fulani dhidi ya presha, au yalikuwa ni maisha yake tu yaliyomlinda? Kama kinga hiyo ingekuwa ya kuzaliwa nayo, basi angehama nayo popote aendapo. Kama ilitokana na maisha, angeipoteza punde tu maisha yake yanapobadilika.

Kutoka kando ya ziwa hadi Nairobi

Swali hilo lilijibiwa na kundi la watafiti wa Uingereza na Kenya, akiwemo Neil Poulter, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa kinga ya maradhi ya moyo na mishipa katika Chuo cha Imperial, jijini London. Watafiti hao hawakutosheka na kulinganisha watu wa mjini na wa mashambani kwa siku moja. Waliamua kuwafuata wahamiaji wenyewe katika safari yao.

Walianza katika vijiji vya jamii ya Waluo vilivyo kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako presha ilikuwa bado ya chini. Watu zaidi ya 300 waliohamia Nairobi kutoka huko walifuatwa na kupimwa tena na tena kwa muda wa hadi miaka 2. Wengine zaidi ya 200 waliobaki kijijini walipimwa vivyo hivyo ili kulinganishwa nao.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Presha ya waliohamia mjini ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema. Jambo la kutia hofu zaidi ni kuwa haikuwa imewapanda watu wachache tu waliokuwa dhaifu. Takriban kundi zima lilikuwa limesogea juu.

Watu hao walikuwa wa kabila moja, wa vijiji vimoja, na pengine hata wa ukoo mmoja. Kilichobadilika ni mahali walipoishi, chakula walichokula na namna walivyopitisha siku zao. Dhana ya kinga ya kuzaliwa nayo ikaporomoka.

Chumvi, mboga na mapigo ya moyo

Watafiti hao walipopima mkojo wa wahamiaji, walipata dalili kuwa chumvi katika mlo wao ilikuwa imezidi, na madini ya potasiamu yamepungua. Vilevile waliona kwamba uzani wa wahamiaji na mapigo ya mioyo yao vilikuwa juu katika siku za mwanzo baada ya kuhama.

Kila mojawapo ya mambo hayo lina maelezo yake. Chumvi huvuta maji. Inapozidi mwilini kuliko figo zinavyoweza kuitoa, maji huongezeka katika damu, na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kupitia mishipa ile ile. Potasiamu hufanya kinyume chake: huzisaidia figo kuitoa chumvi na kuilegeza mishipa. Hupatikana kwa wingi katika maharagwe, ndizi, viazi vitamu na mboga za majani.

Mhamiaji anapofika mjini, mara nyingi mizani hiyo hupinduka. Asubuhi hula mkate au mandazi, mchana chipsi au soseji za kando ya barabara zilizonyunyiziwa chumvi, na jioni mchuzi uliokolezwa kwa viungo vya pakiti vyenye chumvi. Huenda asijue amekula chumvi kiasi gani, kwa maana sehemu kubwa ilikwishatiwa na mwingine kabla chakula hakijamfikia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikijumuishwa ile iliyofichika katika vyakula vilivyonunuliwa.

Kuhusu mapigo ya moyo, watafiti walidokeza kwamba huenda neva zinazouweka mwili katika hali ya tahadhari zilikuwa zimeamshwa na mabadiliko ya maisha. Hapo ndipo zile maana mbili za neno presha zinapokaribiana.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa ugonjwa huu ni mawazo tu. Wapo wanaoamini kwamba wakipumzika na kuacha kufikiria madeni, presha itaondoka yenyewe. Wengine humeza dawa siku wanazokuwa na wasiwasi pekee. Mtu mtulivu asiye na deni lolote anaweza kuwa na presha ya juu, na mwenye mahangaiko mengi anaweza kuwa na presha ya kawaida. Njia ya kujua ni kupimwa.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila unapojikunja, damu husukumwa kwa nguvu dhidi ya kuta za mishipa, na nguvu hiyo ndiyo nambari ya kwanza inayosomwa kwenye mashine. Unapolegea kabla ya pigo lifuatalo, nguvu hupungua, na hiyo ndiyo nambari ya pili. Kipimo kinachokaribia 120 kwa 80 huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kinapofika 140 kwa 90 au zaidi, tena katika siku tofauti, daktari husema mgonjwa ana shinikizo la damu.

Msuli wa moyo unaosukuma dhidi ya nguvu kubwa kwa miaka mingi hunenepa, kama mkono wa mbeba mizigo. Lakini unene huo si wa afya. Moyo huwa mgumu, hushindwa kujaa damu vizuri, na hatimaye huchoka. Mgonjwa huanza kuhema anapopanda ngazi, kuvimba miguu, na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Mishipa nayo huumia. Ule wa ubongo ukipasuka au kuziba, mtu hupata kiharusi na huenda upande mmoja wa mwili ukapooza. Mishipa midogo ya figo ikiharibika, mgonjwa anaweza kuishia kutegemea mashine ya kusafisha damu. Hayo yote hutokea baada ya miaka ambayo mtu alijihisi mzima, akaenda kazini na kurudi kama kawaida.

Wagonjwa wa moyo wenye umri wa kazi

Athari za ukimya huo zilidhihirika katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2012, unaojulikana kama THESUS-HF. Madaktari wa moyo kutoka nchi 9 za Afrika, akiwemo Gerald Yonga wa Nairobi, waliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitalini kwa sababu mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi ipasavyo.

Katika nchi za Ulaya, mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida ana umri wa takriban miaka 70, na mara nyingi chanzo ni kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Katika utafiti huo wa Afrika, wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, lililohusika kwa asilimia 45 ya wagonjwa. Kuziba kwa mishipa ya moyo kulichangia chini ya asilimia 8. Katika muda wa miezi 6, karibu mgonjwa 1 kati ya 6 alikuwa amefariki.

Maana ya takwimu hizo kwa familia ni nzito. Mtu wa miaka 52 bado analipa karo. Bado ndiye anayetuma pesa nyumbani na kuwatunza wazazi wake. Anapolazwa kwa moyo uliochoka, mapato hukatika wakati ule ule ambapo gharama zinapanda.

Aidha, daktari wa moyo anayempokea mgonjwa huyo huwa amechelewa, si kwa kosa lake, bali kwa sababu ugonjwa ulianza pengine miaka 20 kabla hawajakutana. Humfanyia kipimo cha umeme wa moyo, akampiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ili kuona unene wa msuli na nguvu ya kusukuma, akapima damu na mkojo kujua hali ya figo. Anaweza kumpunguzia mateso na kumwongezea miaka, lakini ni vigumu kuurejesha moyo huo ulivyokuwa.

Wengi hawajui hali yao

Je, ni wangapi wanaotembea na ugonjwa huu bila kujua? Katika miaka ya 2008 na 2009, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya barani Afrika, APHRC, kiliwapima zaidi ya watu wazima 5,000 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani. Viwandani hauko mbali na Pipeline, na watu wa mitaa hiyo miwili hufanya kazi katika viwanda vya eneo moja.

Miongoni mwa waliopatikana na shinikizo la damu, takriban mtu 1 tu kati ya 5 ndiye aliyekuwa akijua kwamba anaugua. Wale ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kwa matibabu walikuwa wachache mno.

Hali ya taifa zima haikuwa bora sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Isitoshe, asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani.

Dawa zipi zinafaa?

Kwa muda mrefu madaktari wa Afrika walitegemea majaribio ya dawa yaliyofanyiwa watu wa Ulaya na Marekani. Ilijulikana kuwa wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili kwa pamoja, lakini haikuwa wazi ni mbili zipi zinazowafaa zaidi Waafrika wanaoishi barani mwao.

Jawabu lilitolewa mwaka wa 2019 katika utafiti ulioitwa CREOLE, uliochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulihusisha wagonjwa 728 katika nchi 6: Kenya, Uganda, Nigeria, Cameroon, Msumbiji na Afrika Kusini. Miongoni mwa walioushiriki walikuwa madaktari wa moyo Wakenya Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Felix Barasa wa Eldoret. Neil Poulter, aliyekuwa amewafuata wahamiaji wa Nairobi miaka mingi kabla, alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Wagonjwa waligawanywa katika makundi matatu, kila kundi likipewa jozi tofauti ya dawa. Baada ya miezi 6, presha ilipimwa kwa mashine ndogo ambayo mgonjwa huivaa kwa saa 24, ili kujua hali yake hata akiwa usingizini. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini, moja ikiwa na haidroklorothiazaidi na nyingine perindoprili, ziliishusha presha kuliko jozi isiyokuwa na amlodipini. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotumia jozi hizo mbili walidhibitiwa presha yao.

Umuhimu wa matokeo hayo ni kwamba dawa hizo si ngeni wala si za anasa. Amlodipini na haidroklorothiazaidi ni dawa za miaka mingi, zinazotengenezwa na kampuni nyingi na kupatikana hata katika vituo vya kawaida vya afya. Hata hivyo, mgonjwa hapaswi kujichagulia dawa dukani kwa kusoma majina haya. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari na hasa mama mjamzito huhitaji uangalizi tofauti, na baadhi ya dawa za presha zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kupimwa ipasavyo

Kipimo kibaya ni sawa na kutopimwa. Mkazi wa ghorofa ya saba anayepanda ngazi na kupimwa papo hapo mlangoni atapata nambari kubwa isiyo ya kweli. Vivyo hivyo aliyetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, au anayezungumza mashine ikiendelea kufanya kazi.

Utaratibu unaopendekezwa ni mtu kukaa kitini kwa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo mbili zikiwa sakafuni na miguu haijapandanishwa. Mkono uwekwe juu ya meza ili uwe sawa na usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Kisha apimwe mara mbili au zaidi, kukiwa na pengo la dakika moja hivi. Nambari ikiwa juu, arudi siku nyingine kuthibitisha, isipokuwa pale ilipopita 180 kwa 120 ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kupooza au kuchanganyikiwa. Hapo hospitali ni ya haraka.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, mashine ya kupima presha ni miongoni mwa vifaa walivyopewa ili kuwafikia watu majumbani. Katika mtaa kama Pipeline, ambako familia nyingi zimepangana katika jengo moja, mhudumu mmoja anaweza kuwafikia watu wengi kwa siku moja bila kutoka katika ploti.

Kugunduliwa ni nusu ya safari

Lakini kupimwa peke yake hakutibu. Katika mtaa wa Korogocho, mradi wa APHRC na washirika wake ulioanzishwa mwaka wa 2012 uliwapima watu nyumbani kwao na kuwaelekeza kwenye kliniki zilizopunguza ada. Funzo moja lililotokana nao ni kuwa kumfikisha mtu kliniki mara ya kwanza ni rahisi kuliko kumfanya aendelee kurudi.

Sababu zake zinaeleweka. Mfanyakazi wa kibarua anayelipwa kwa siku hupoteza ujira akikaa kwenye foleni hadi saa sita. Dawa hazimfanyi ajisikie nafuu, kwa vile hakujisikia mgonjwa hapo mwanzoni. Akihamia nyumba nyingine au akirudi mashambani kwa msimu, kadi ya kliniki husahaulika. Na pesa zikipungua, kidonge kisichoondoa maumivu yoyote ndicho cha kwanza kuachwa.

Kwa mujibu wa sheria zilizopitishwa mwaka wa 2023, aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma kwa gharama ya hazina ya serikali. Manufaa ya haki hiyo kwa mgonjwa wa presha yatategemea jambo moja la kawaida kabisa: kama atakuta dawa zipo, mwezi baada ya mwezi.

Mgonjwa mwenyewe pia ana sehemu yake. Kupunguza chumvi mezani na jikoni, kurudisha maharagwe na mboga katika mlo, kuacha sigara, kupunguza pombe na kupunguza uzani uliozidi huishusha presha, na wakati mwingine hupunguza dawa anazohitaji. Kutembea, ambako wakazi wengi wa Pipeline hufanya kila siku kuelekea kazini, ni mazoezi mazuri, ingawa hakufuti chumvi iliyozidi wala hakuchukui nafasi ya dawa kwa aliyeandikiwa.

Karibu miaka 100 tangu Donnison apime presha za watu wa Nyanza, jambo moja limethibitika: hakuna damu iliyoumbwa kupanda wala iliyoumbwa kutopanda. Kijana anayeshuka basi leo na kukodi chumba Pipeline hana ugonjwa. Akipimwa mwaka huu, na mwaka ujao, na akatibiwa nambari zinapoanza kupanda, huenda asihitaji kamwe kulazwa chini ya uangalizi wa daktari wa moyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa presha hauonekani kwa macho, lakini mashine huuona kwa dakika chache tu.